Vipaji vya Nyaishozi visiuzwe kwa butura

Mkulima wa kahawa wa Nyaishozi hahitaji kuelezwa butura ni nini. Mti bado una maua, nyumbani kuna mgonjwa au ada inadaiwa shuleni, na mara anatokea mtu mwenye pesa taslimu mkononi. Bei inapangwa siku hiyo hiyo. Mkulima anapokea kidogo, na mavuno yakifika gunia linakwenda kwa mwingine.

Biashara hiyo imepigwa marufuku. Viongozi wa Karagwe na Kyerwa wameikemea mikutano kwa mikutano, na vyama vya ushirika vinahimizwa ili kahawa ipite kwenye mzani kabla ya kupewa bei. Bado ipo, kwa sababu shida ya nyumbani haisubiri msimu.

Katika soka kuna butura ya pili, na hii haina mzani wala chama cha ushirika. Dogo wa miaka 15 mwenye mguu wa kushoto unaoongea ananunuliwa akiwa bado ua. Mnunuzi anajiita wakala, meneja, skauti au mdau. Anaahidi majaribio Kampala, Kigali, Dar es Salaam, au Uarabuni kabisa. Anaondoka na karatasi yenye sahihi ya mzazi, na mara nyingine anaondoka na pesa ya mzazi pia.

Watu wengi wanachukulia habari hizi kama mambo ya mpira tu, mambo ya vijana. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Mchezaji anayevuka mpaka kwenda kucheza kwa malipo ni mfanyakazi mhamiaji mwenye ujuzi, sawa na muuguzi, mwalimu au dereva wa lori anayekwenda kufanya kazi nchi nyingine. Ana mwajiri, ana mshahara, anahitaji kibali cha kazi na anahitaji mkataba. Tofauti ni kwamba muuguzi anaondoka akiwa mtu mzima mwenye cheti mkononi, wakati mchezaji anatafutwa akiwa bado kidato cha pili.

Na kati ya mfanyakazi na mwajiri wake wa mbali, kuna mtu wa katikati. Huyo ndiye anayeamua kama safari itakuwa ajira au utumwa.

Ni haki kusema wazi kwamba mtu wa katikati si adui. Nyaishozi iko mbali. Kutoka huko hadi Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, ni zaidi ya kilomita 100, na safari ya basi kwenda Dar es Salaam inakula zaidi ya siku nzima. Skauti wa Simba, Yanga au Azam hawezi kufika kila Jumapili kwenye bonanza la kata. Bila mtu wa kupiga simu, kutuma video na kulipia nauli, vipaji vingi vya Karagwe na Kyerwa vitaishia kwenye mechi za Umisseta na kuhadithiwa kwenye vikao vya rubisi.

Mbwana Samatta hakufika alipofika peke yake. Alitoka Mbagala, akapita African Lyon na Simba, mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya DR Congo, akatwaa nayo Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015. Januari 2016 akatua Genk ya Ubelgiji na Januari 2020 akasajiliwa na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu England. Katika safari hiyo alikuwa na meneja anayejulikana kwa jina na sura, Jamal Kisongo, mtu ambaye waandishi walimpigia simu na akapokea.

Hilo la kujulikana ni kubwa kuliko linavyoonekana. Wakala mwenye jina la kulinda hawezi kuzima simu akipotea na mtoto wa watu. Dalali wa msimu mmoja anaweza.

Kelvin John naye ni mfano mzuri wa subira. Baada ya kung'ara na Serengeti Boys, dunia nzima ilimtaka. Hakupewa mkataba wa kulipwa Ulaya akiwa mtoto. Alikwenda kusoma na kufanya mazoezi kwenye chuo cha Brooke House, Uingereza, na alipofikisha miaka 18, mwaka 2021, ndipo Genk wakamsajili. Hakuna aliyelazimika kufoji cheti cha kuzaliwa.

Umri huo wa miaka 18 haukuchaguliwa kwa bahati. Kanuni za FIFA za uhamisho, kifungu cha 19, zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache sana, kwa mfano wazazi wanapohama kwa shughuli zisizohusu mpira. Kwa hiyo mtu anayefika Nyaishozi akasema ana klabu ya nje inayomsubiri mtoto wa miaka 15 asaini, ama hajui kanuni, ama anazijua vizuri na amekuja kuwapiga watu.

Yaliyotokea Laos yanatosha kuwa onyo. Mwaka 2015 BBC iliripoti habari za vijana wa Afrika Magharibi, wengi kutoka Liberia na wengine wakiwa na miaka 14 tu, waliopelekwa kwenye akademi isiyosajiliwa iliyohusishwa na klabu ya Champasak United. Walisainishwa mikataba ya miaka sita. Waliahidiwa mshahara na malazi. Wakajikuta wanalala chini, hawalipwi, na hawana nauli ya kurudi. Chama cha wachezaji duniani, FIFPRO, kililazimika kuingilia ili waachiwe.

Vijana wale hawakutekwa na mtu mwenye bunduki. Walipelekwa na watu wa mpira ambao familia zao ziliwaamini.

Mtu mzima naye hayuko salama kama mfumo wa kazi unampa mwajiri nguvu zote. Zahir Belounis, Mfaransa mwenye asili ya Algeria, alikuwa mchezaji mzoefu alipokwenda Qatar. Alipoidai klabu yake mishahara, alinyimwa kibali cha kutoka nchini, kwa kuwa wakati huo mfanyakazi wa kigeni hakuweza kuondoka bila ruhusa ya mwajiri. Alikwama huko na mkewe na watoto mpaka Novemba 2013. Qatar imebadilisha sheria hizo tangu hapo, lakini somo limebaki: kabla ya kuuliza mshahara ni dola ngapi, uliza ukigombana na bosi unaweza kurudi nyumbani?

Nyumbani Afrika Mashariki, mfano ambao mashabiki wanaukumbuka ni wa Mganda Emmanuel Okwi. Januari 2013 Simba walimuuza Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Dili lilionekana tamu. Muda si mrefu Okwi akawa nyumbani Kampala akilalamika hajalipwa, Simba nao wakawa wanalia hawajaiona pesa ya mauzo. FIFA ikamruhusu kucheza kwa muda SC Villa, na Desemba mwaka huo huo akaibukia Yanga. Kwa karibu mwaka mzima straika bora wa ukanda huu alikuwa anacheza mpira wa makaratasi.

Simon Msuva alipitia kitu kinachofanana. Aliondoka Yanga mwaka 2017 kwenda Difaâ El Jadida ya Morocco, kisha Wydad Casablanca. Mwaka 2022 alikuwa amesharudi Dar es Salaam akidai stahiki zake. Kesi ikaenda FIFA, na FIFA ikampa haki.

Tofauti kati ya Msuva na wale vijana wa Laos ni karatasi. Msuva alikuwa na mkataba ulioandikwa, uliosajiliwa kwenye mfumo wa uhamisho wa FIFA, wenye tarehe na viwango. Alipokwama alikuwa na pa kuupeleka. Kijana aliyevuka Mutukula au Murongo usiku na jina la mtu mmoja kwenye simu hana cha kupeleka popote. Kwa FIFA, kwa TFF na hata kwa polisi wa nchi ile, yeye ni mtu aliyekuja kutembea.

Upande wa pili wa mpaka nao usisahaulike. Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na vijana wa nchi hizo huja kutafuta riziki ya mpira huku, kama wenzao wanavyokuja kuchuma kahawa. Ligi Kuu Bara imejaa mastaa kutoka Congo, Ivory Coast, Ghana, Zambia na Burkina Faso, na wengi wana mikataba ya maana. Lakini hata huko juu, zipo klabu za Tanzania zilizowahi kufungiwa na FIFA kusajili mpaka ziwalipe wageni wao.

Kama hali ni hiyo kwenye ligi inayoonyeshwa kwenye televisheni, Mrundi anayeletwa na dalali kucheza ligi ya mkoa ana hali gani? Sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni inamtaka awe na kibali cha kazi. Dalali akishachukua chake haulizwi. Mchezaji ndiye anayekamatwa.

Sasa sheria za mawakala zinasemaje? Mwaka 2015 FIFA iliondoa mfumo wake wa leseni na kuacha kazi hiyo ifanywe na yeyote aliyeandikishwa na shirikisho la nchi yake. Mlango ukafunguka, wakaingia wema na wahuni kwa pamoja. Baada ya miaka minane FIFA ikarudi nyuma. Kanuni mpya zilianza Januari 2023, mtihani wa kwanza ukafanyika Aprili mwaka huo, na kati ya watahiniwa 3,800 walifaulu 1,962. Karibu nusu walifeli. Kuanzia Oktoba 1, 2023, kazi ya uwakala ni ya mwenye leseni tu.

Hata msamaha wa zamani wa ndugu na wanasheria umeondolewa. Mjomba akitaka kuwa wakala wa mpwa wake, akafanye mtihani.

Kanuni hizo zina mambo manne ambayo kila mzazi wa Nyaishozi angepaswa kuyajua kama anavyojua bei ya kahawa.

Kwanza, mkataba wa mchezaji na wakala hauzidi miaka miwili, na haujirefushi wenyewe. Karatasi inayomfunga mtoto kwa miaka 10, au "maisha yake yote ya soka", ni butura iliyopigwa mhuri.

Pili, wakala haruhusiwi kumfuata mtoto mapema anavyotaka. Anaruhusiwa miezi sita tu kabla ya mtoto kufikia umri wa kusaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa kwa sheria za nchi husika, na lazima mzazi au mlezi akubali kwa maandishi.

Tatu, malipo ya wakala wa mchezaji yalipangwa kutoka kwenye kile mchezaji anacholipwa, na kufuata malipo hayo. FIFA iliweka ukomo wa asilimia 5 kwa mshahara usiozidi dola 200,000 kwa mwaka na asilimia 3 kwa kinachozidi hapo. Mawakala wakubwa wa Ulaya walikimbilia mahakamani, na Desemba 2023 FIFA ikasimamisha baadhi ya vifungu, ukiwemo huo wa ukomo. Leseni haikuondolewa. Na kiwango kile bado ni kipimo kizuri kwa mzazi: anayetaka nusu ya mshahara wa mtoto si wakala.

Nne, majina ya wenye leseni yanaonekana kwenye tovuti ya FIFA. Mwalimu wa michezo mwenye simu ya intaneti anaweza kulitafuta jina kwa dakika tano. Jina halipo, kikao kimeisha.

Ukiyaweka pamoja haya unapata swali moja rahisi la kumtambua tapeli: nani anamlipa nani, na lini? Wakala wa kweli anakula baada ya mchezaji kula. Tapeli anataka kwanza. Atasema ni hela ya pasipoti, ya viza, ya "kuwaweka sawa" watu wa klabu, ya hoteli ya majaribio. Mzazi anauza ng'ombe, anaweka rehani kibanja, anakopa kwenye kikundi. Mtoto asipopita majaribio, au majaribio yasipokuwepo kabisa, deni linabaki palepale mgombani.

Kanuni hii ya pesa si ya mpira peke yake. Shirika la Kazi Duniani, kwenye Mkataba wake namba 181 wa mwaka 1997, limeweka msingi kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mtafuta kazi ada yoyote. Ada ni ya mwajiri. Tanzania ina sheria ya kukuza huduma za ajira ya mwaka 1999, na ina Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, ambako anayepeleka watu kufanya kazi nje anapaswa kujulikana. Dada anayeahidiwa kazi Oman na kaka anayeahidiwa namba Oman wanaongea na watu wa aina moja. Kinachobadilika ni jezi.

Kuna hasara nyingine ambayo haisemwi, na hii ni ya kijiji kizima. Mchezaji anapouzwa kimataifa, FIFA inataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho igawiwe klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Mgawo ni robo ya asilimia moja ya ada kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, na nusu ya asilimia kwa kila msimu kuanzia miaka 16.

Hesabu yake ni hii. Timu ya kata imemlea winga tangu akiwa na miaka 12 hadi 17. Miaka minne ya mwanzo inaipa asilimia 1, miwili inayofuata inaipa asilimia 1 nyingine. Winga akija kuuzwa kwa dola milioni moja, timu ile ina haki ya dola 20,000, takriban Sh50 milioni. Hiyo ni mipira, jezi, nyasi na posho ya kocha kwa miaka. Na tangu Novemba 2022 kuna ofisi maalumu ya FIFA jijini Paris inayosimamia ugawaji wa pesa hizo.

Lakini timu ambayo haijasajiliwa, na mchezaji ambaye jina lake halikuwahi kuingizwa kwenye mfumo akiwa nayo, hawapati hata senti. Rekodi itaonyesha staa alianza mpira Dar es Salaam akiwa na miaka 18, kana kwamba aliota kama uyoga. Dalali anaipenda hali hiyo. Mchezaji asiye na historia ni rahisi kumbadilishia umri, jina na hata kijiji.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya viongozi wa soka wa wilaya za Karagwe na Kyerwa na wa mkoa wa Kagera. Waache kusubiri timu ziwafuate ofisini. Waende Nyaishozi na kata nyingine kwenye mabonanza na daftari, wasajili timu za watoto, wachukue nakala za vyeti vya kuzaliwa, waingize majina kwenye mfumo wa TFF. Ada ya usajili isiwe kikwazo kwa timu ambayo wachezaji wake wanabadilishana viatu.

Kazi ya pili ni ya TFF. Orodha ya mawakala wenye leseni wanaofanya kazi nchini ibandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za kila chama cha wilaya na kutajwa redioni. Mtu wa Rwambaizi au Isingiro asilazimike kujua Kiingereza ili ajue nani tapeli. Na mkataba wowote wa mchezaji kijana uwe na nakala ya Kiswahili. Mzazi hawezi kukubali kitu ambacho hakukisoma.

Kazi ya tatu ni ya chama cha wachezaji, SPUTANZA. Chama hicho kinasikika zaidi mastaa wa Ligi Kuu wanapogombana na klabu zao. Mchezaji anahitaji chama zaidi kabla hajawa staa, siku ile karatasi ya kwanza inapowekwa mezani.

Vyombo vya dola navyo visiichukulie ishu hii kama ugomvi wa mpira. Kumsafirisha mtoto kwa uongo ili umnyonye ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia biashara haramu ya binadamu. Sheria haisemi kwamba mtoto akiwa na viatu vya mpira kwenye begi kosa linapungua.

Mwisho ni nyumbani. Mzazi akifuatwa, asisaini siku ile ile. Amwite mwalimu wa shule, kiongozi wa timu, mtendaji wa kata na mtu mmoja anayejua kusoma mikataba. Aombe leseni, aombe barua ya klabu, aipigie klabu yenyewe kwa namba aliyoitafuta mwenyewe, siyo ile aliyopewa. Wakala wa kweli hatakasirika kwa kuulizwa maswali hayo. Atakayesema ndege inaondoka kesho, aachwe aiwahi peke yake.

Msimu wa mashindano ya shule ukianza, watu wa katikati watapanda tena mabasi kuja Karagwe. Wapokelewe, wakaribishwe kiti, waandikwe majina. Kisha waulizwe leseni mbele ya watu, kabla ya mtoto yeyote kuitwa aje kusalimia wageni.